CHANJO KWA VIJANA WETU: KAZI YA SIASA KATIKA VIJIJI VYA NYANDA ZA KATI

Tangu nchi yetu ilipopata uhuru mwaka 1961, tumekuwa tukifundishana kwamba taifa hili lina maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Fundisho hilo limerudiwa mara nyingi mno, hata baadhi yetu hulitamka kama kiitikio cha wimbo, bila ya kujiuliza maadui hao hufanyaje kazi. Ukweli ni kwamba hawaji mmoja mmoja. Ujinga humfungulia maradhi mlango, maradhi humleta umaskini, na umaskini humzuia mtu asiende shule wala hospitali. Kwa hiyo kada anayedhani kwamba maradhi ni kazi ya daktari peke yake, na siasa ni kazi ya mkutano peke yake, hajaelewa vita yenyewe.

Katika makala haya tunakusudia kueleza sehemu moja ya vita hiyo: kuwakinga kwa chanjo vijana waliofikia umri wa kubalehe, na hasa kuwakinga wasichana na saratani ya mlango wa kizazi. Tutautumia mkoa wa Dodoma na nyanda kame za kati kama mfano, kwa sababu huko mambo yote yanayoirahisisha kazi hii, na yote yanayoikwamisha, yanaonekana wazi. Kisha tutaeleza ni kazi gani inayomhusu kada.

1. Tulikotoka

Chanjo si jambo geni kwa umma wetu. Ndui, ugonjwa uliowaua na kuwapofusha babu zetu, ulifutwa duniani kwa chanjo. Mtu wa mwisho kuugua ndui kwa njia ya kawaida alipatikana Merka, Somalia, mwezi Oktoba 1977, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ugonjwa huo umekwisha. Hapa nchini mpango wa taifa wa chanjo ulianza mwaka 1975. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1973, tuliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kufyeka mazalio ya mbu. Kampeni ile ilitufundisha kwamba mkulima akielezwa sababu hutenda, na akiamriwa bila ya sababu huacha mara tu mwamrishaji anapoondoka.

Lakini mpango wa chanjo ulijengwa kwa ajili ya watoto wachanga. Mama hujifungua, hupewa kadi ya kliniki, na mtoto hupimwa uzito na kuchanjwa dhidi ya kifua kikuu, polio, dondakoo, kifaduro, pepopunda na surua. Kadi ile ndiyo kamba inayoiunganisha familia na zahanati. Mtoto akishatimiza miaka mitano kamba hiyo hukatika. Kijana wa miaka kumi au kumi na mitatu hana kliniki yake. Si mtoto wa kubebwa mgongoni, wala si mama mjamzito. Akiwa na afya nzuri hana sababu ya kufika zahanati, na zahanati haina sababu ya kumtafuta. Mara moja moja huguswa na kampeni, kama ile ya surua na rubela ya Oktoba 2014 iliyowalenga watoto wote wa kuanzia miezi 9 hadi chini ya miaka 15. Kampeni ikiisha, husahauliwa tena. Huu ndio msingi wa tatizo tunalolijadili.

2. Ugonjwa na kinga yake

Saratani ya mlango wa kizazi husababishwa na kirusi kiitwacho papiloma. Mwanasayansi wa Ujerumani, Harald zur Hausen, ndiye aliyekionyesha kirusi hiki ndani ya saratani hiyo mwaka 1983, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Aina za kirusi hiki ni nyingi. Aina mbili tu, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha kiasi cha asilimia 70 ya saratani hizo duniani. Kirusi huambukizwa kwa kujamiiana. Watu wengi hukipata na mwili hukiondoa wenyewe. Kwa wanawake wachache hubaki, na baada ya miaka kumi, kumi na mitano au zaidi hugeuza chembe za mlango wa kizazi kuwa saratani. Mwanamke anayeishi na virusi vya UKIMWI yumo katika hatari mara sita zaidi ya mwenzake.

Kwa nchi yetu hili si jambo dogo. Kwa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020, Tanzania ilipata wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 wa saratani hii katika mwaka mmoja, na wanawake zaidi ya 6,000 walikufa. Tutazame ni nani hao. Si wazee waliokwisha kuwalea wajukuu. Wengi ni wanawake wa miaka 35 hadi 60, ambao ndio nguvu kazi ya shamba la mtama na alizeti, ndio wachota maji, ndio walezi. Mmoja wao akiugua, kaya huuza ng'ombe au mbuzi kwa ajili ya nauli na matibabu. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Mpwapwa au Kondoa aliyehitaji tiba ya mionzi alilazimika kusafiri hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na wengi walifika huko ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea. Hapo tunaona jinsi maradhi yanavyozaa umaskini.

Kinga ipo. Chanjo ya kirusi hiki iliidhinishwa Marekani mwaka 2006. Haiponyi ugonjwa uliokwisha kuingia, bali huuandaa mwili ukipige kirusi kabla hakijajenga makao. Kwa sababu hiyo hutolewa kwa msichana kabla hajaanza kujamiiana, yaani kati ya miaka 9 na 14. Baadhi ya wazazi huuliza: mbona mnamchanja mtoto asiyejua mambo hayo? Jibu ni lile lile ambalo mkulima yeyote wa Bahi analijua: tuta la kuzuia maji huwekwa kabla ya mvua kunyesha. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikwisha kupata ujauzito. Tukingoja miaka 18, kwa wengi tutakuwa tumechelewa.

Je, chanjo hii inafanya kazi? Uingereza ilianza kuwachanja wasichana mwaka 2008. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 ulionyesha kwamba waliochanjwa wakiwa na miaka 12 au 13 walipungukiwa na saratani hii kwa asilimia 87, wakilinganishwa na rika zilizotangulia ambazo hazikupewa chanjo. Karibu na hapa, Rwanda ilianza mwaka 2011 na kuwafikia zaidi ya wasichana 9 katika kila 10 kwa kupitia shule, huku viongozi wa vijiji wakiwatafuta waliokuwa nje ya shule. Tusiseme basi kwamba jambo hili linawezekana Ulaya tu.

3. Hatua zetu na mafunzo yake

Hatukuanza kwa kubahatisha. Mwaka 2010 chanjo ilijaribiwa katika shule za msingi 134 mkoani Mwanza ili kujua njia bora ya kuwafikia wasichana. Shule nyingine zilichanja darasa zima la sita, na nyingine zilichagua wasichana waliozaliwa mwaka mmoja. Njia ya darasa ilifikia wengi zaidi. Sababu yake yaeleweka: mwalimu anajua nani yumo darasani mwake, lakini mwaka wa kuzaliwa wa kila mtoto, mahali ambapo vyeti vya kuzaliwa ni vichache, ni jambo la kukisia.

Mwezi Aprili 2018 chanjo ilianzishwa nchi nzima kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili, ya pili ikifuata baada ya miezi sita. Kwa nini miaka 14 tu? Kwa sababu chanjo ilikuwa adimu duniani. Viwanda vichache ndivyo vilivyoitengeneza, na nchi tajiri zilikuwa zimekwisha kuchukua nafasi za mbele. Tukachagua rika lililokuwa karibu kupitwa na wakati. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, lakini ulileta ugumu wake. Msichana wa miaka 14 anaweza kuwa darasa la saba, au kidato cha kwanza, au nyumbani akingoja matokeo, au amekwisha kwenda mjini kufanya kazi za ndani. Aliyepata dozi ya kwanza katika shule ya msingi aliondoka kabla ya dozi ya pili kufika. Matokeo yake dozi ya pili ilibaki nyuma ya ile ya kwanza kwa tofauti kubwa.

Hapa sayansi ilitusaidia, na vijana wetu waliisaidia sayansi. Wasichana 930 wa Mwanza, wa miaka 9 hadi 14, walishiriki katika utafiti uliolinganisha dozi moja, mbili na tatu. Nchini Kenya utafiti mwingine uliwahusisha wanawake vijana 2,275. Matokeo ya tafiti hizo mbili, yaliyotolewa mwaka 2022, yalionyesha kwamba dozi moja hutoa kinga madhubuti. Mwezi Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani likakubali kwamba dozi moja yaweza kutumika. Tanzania ikabadili utaratibu, na mwezi Aprili 2024 ikaendesha kampeni ya dozi moja iliyolenga wasichana wapatao milioni 4.8 wa miaka 9 hadi 14. Msichana anayeishi na virusi vya UKIMWI huhitaji dozi zaidi ya moja, na jambo hilo ni la kushughulikiwa na mhudumu kwa siri, si la kutangazwa darasani.

4. Tuisome takwimu kwa macho ya umma

Baada ya kampeni huja taarifa: asilimia 90, asilimia 95. Kada anayeipokea taarifa na kupiga makofi bila ya kuuliza swali anafanya kazi nusu. Swali la kwanza ni hili: asilimia hiyo ni ya nani?

Tuchukue mfano wa kijiji kimoja cha kufikirika. Kina wasichana 100 wa umri wa chanjo, 80 wako shuleni na 20 hawako. Timu ya wachanjaji inafika shuleni na kuwachanja 76. Mwalimu anagawa 76 kwa 80, anapata asilimia 95, na taarifa inapanda hadi wilayani. Lakini nje ya shule wamechanjwa 5 tu. Waliochanjwa kweli ni 81 katika 100, na waliokosa ni 19. Katika hao 19, wa shuleni ni 4, na 15 ni wa nje ya shule. Yaani sehemu moja ya tano ya wasichana wa kijiji imebeba zaidi ya robo tatu ya upungufu wote, na taarifa haikuiona kabisa.

Na ni nani hao 15? Katika nyanda za kati tunawafahamu. Ni binti wa mfugaji anayehamia malishoni kiangazi kinapokaza. Ni yule aliyeachishwa masomo ili alee wadogo zake. Ni aliyekwisha kuolewa au kuzaa, ambaye hata baada ya Serikali kuruhusu mwaka 2021 wazazi vijana warudi shuleni, bado haya inamzuia. Ni mlemavu anayefichwa ndani. Ni mfanyakazi wa ndani katika nyumba ya watu, pengine nyumba ya kiongozi. Hawa hawa ndio ambao wakifika miaka 40 hawatapata vipimo mapema, wala hawatakuwa na nauli ya kwenda hospitali kubwa. Kwa hiyo aliyekoswa na chanjo ndiye atakayekoswa na tiba. Wastani mzuri unaweza kuificha dhuluma, na ujamaa haupimwi kwa wastani. Hupimwa kwa hali ya yule aliye chini kabisa.

Mazingira nayo yana sehemu yake. Mkoa wa Dodoma una watu zaidi ya milioni 3 na msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili. Mwishoni mwa msimu huo makorongo hujaa na kukata njia, na chanjo inayotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za sentigredi hukwama njiani. Ikiganda huharibika, ikipata joto huharibika. Wakati huo huo mtama na uwele vinakomaa, na watoto wako mashambani kuamia ndege. Mpango uliotungwa mezani bila ya kumwuliza mkulima humkuta mtoto hayupo. Wiki mbili mbele, au siku ya gulio, au asubuhi mapema kabla ya kwenda shamba, ingemkuta. Kalenda ya kilimo ni kitendea kazi cha afya sawa na kasha la barafu.

5. Uvumi, hofu na ridhaa

Tunasikia mara nyingi kwamba wananchi wanakataa chanjo kwa sababu ya ujinga. Neno hilo hutumiwa kwa haraka mno. Mzazi anayeambiwa kwamba sindano hii ni ya wasichana peke yao, inatoka nje na inatolewa bure, anayo haki ya kuuliza: kwa nini wasichana tu? Mnataka kuwafanya wawe tasa? Swali hili liliulizwa Mwanza, na mwaka 2014 lilizua mabishano makubwa nchini Kenya kuhusu chanjo ya pepopunda iliyotolewa kwa wanawake. Umma wa Afrika unayo kumbukumbu ya kutendewa mambo bila ya kuulizwa. Kumbukumbu hiyo si ujinga. Ni tahadhari iliyokosa maelezo.

Dawa ya uvumi ni ukweli mzima. Tueleze kwamba chanjo hii haigusi uwezo wa kuzaa, na kwamba kirusi kinachokingwa ndicho kinachoharibu kizazi. Tueleze kwamba huanza na wasichana kwa sababu saratani hii huwapata wao, ingawa nchi zenye uwezo, kama Australia tangu mwaka 2013, huwachanja wavulana pia. Tueleze bila ya kuficha kwamba mkono utauma, homa kidogo yaweza kuja, na baadhi ya wasichana huzimia kwa hofu ya sindano, ndiyo maana hukalishwa kiasi cha dakika 15 baada ya kuchanjwa. Na tusiahidi kupita kiasi. Chanjo haikingi aina zote za kirusi. Mama yake msichana, ambaye chanjo haikumkuta, anapaswa kupimwa. Kipimo cha kupaka siki huonyesha dalili za mwanzo, na tiba yake ya mapema ni nyepesi. Siku ya kumchanja binti ndiyo siku nzuri ya kumkumbusha mama.

Tena tuwe waangalifu na amri. Kuwafungia watoto darasani na kuwachanja wazazi wasijue kwaweza kuleta asilimia nzuri mwaka huu, na mwakani kukatoa shule tupu siku ya chanjo. Kila mwaka rika jipya linatimiza umri. Kwa hiyo hii si operesheni ya wiki moja, ni kazi ya kudumu, na kazi ya kudumu hujengwa juu ya ridhaa. Msichana mwenyewe naye aelezwe. Ana akili, na mwili ni wake.

6. Kujitegemea na sindano iliyotoka nje

Baadhi ya wanafunzi wa siasa hutuuliza: Azimio la Arusha lilikataa kuifanya fedha ya kigeni kuwa msingi wa maendeleo. Je, kupokea chanjo inayolipiwa kwa sehemu kubwa na Gavi, ubia wa kimataifa wa chanjo ulioanzishwa mwaka 2000, si kurudi kwenye utegemezi?

Swali ni la haki, na jibu lake lina pande mbili. Kwanza, kujitegemea hakukuwa na maana ya kukataa kila kitu cha nje. Maana yake ilikuwa kwamba cha nje kisiwe ndicho kinachotusukuma. Chanjo ni matunda ya elimu ya binadamu wote, na wasichana wa Mwanza wamechangia elimu hiyo kwa miili yao. Kumnyima binti wa Chamwino kinga ili tujione wasafi kinadharia kungekuwa ni kumtoza yeye gharama ya usafi wetu. Pili, hatari ya utegemezi ni ya kweli. Nchi hutakiwa kuongeza mchango wake kadiri pato lake linavyopanda, na mwezi Juni 2025 Marekani ilitangaza kwamba haitaendelea kuichangia Gavi. Anayeishi kwa mfuko wa mwingine hulala akisikiliza mlango. Kwa hiyo fungu la chanjo katika bajeti ya taifa na ya halmashauri ni suala la ukombozi, nalo linastahili kutetewa katika vikao kwa nguvu ile ile tunayotetea barabara na maji.

Na ipo sehemu ya kazi ambayo hakuna mfadhili awezaye kutufanyia. Mfadhili anaweza kununua chupa ya chanjo na jokofu la nguvu ya jua. Hawezi kumjua binti wa nyumba ya tatu aliyeacha shule mwaka jana. Hiyo ni kazi ya umma wenyewe, na hapo ndipo kujitegemea kunapoanza.

7. Wajibu wa kada

Kutokana na maelezo haya, tunaona kwamba kada wa kijiji anayo kazi iliyo wazi.

Kwanza, kuandikisha. Kwa kushirikiana na mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji na mhudumu wa afya wa jamii, kila balozi aorodheshe wasichana wa umri wa chanjo nyumba kwa nyumba, walio shuleni na wasio shuleni. Orodha hiyo ndiyo iwe kigawanyo cha asilimia, si daftari la mahudhurio.

Pili, kueleza kabla ya sindano. Mkutano wa kijiji uitishwe mapema, mganga wa zahanati aje ajibu maswali, na wazee, mapadri, wachungaji, masheikh na makungwi wasikilizwe. Asiye na jibu aseme atalitafuta, asitunge.

Tatu, kuwafuata waliokosa. Siku ya mwisho ya kampeni ndiyo siku ya kwanza ya kazi yetu. Huduma za mkoba zipangwe kwa kufuata malisho, magulio na msimu wa shamba.

Nne, kutoa mfano. Kiongozi aanze na binti yake, na pia na msichana anayemfanyia kazi nyumbani.

Tano, kusema ukweli katika taarifa. Kijiji kinachosema kimewafikia 81 na kuwataja kwa orodha 19 waliobaki kimefanya kazi bora kuliko kinachosema asilimia 95 na kufunga daftari.

Nchi za dunia zimejiwekea shabaha kwamba ifikapo mwaka 2030, wasichana 90 katika kila 100 wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15. Shabaha hiyo ni njema. Lakini kwetu sisi tunaoamini usawa wa binadamu, swali halikomi kwenye 90. Linaendelea: wale 10 ni nani, wanaishi kitongoji gani, na ni nani kati yetu atakayekwenda kwao kesho asubuhi?